Kansa na matibabu yake ya siku hizi: maswali mnayoniuliza kila siku

Kwanza niseme, maana kuna watu wameshaanza kuniita dokta. Mimi sio dokta, sio nesi, nauza vitambaa Kariakoo. Mama yangu aliugua kansa ya titi na mimi ndo nilikuwa mtu wa kuzunguka nae, faili kwapani, karibu miaka miwili, na tangu hapo simu yangu imegeuka dirisha la mapokezi. Kila mwenye mgonjwa anatumiwa namba yangu. Sichukii, ila maswali ni yale yale, nikaona bora niyaweke sehemu moja. Daktari wako akisema tofauti na mimi, msikilize yeye, ila muulize kwanini.

Hivi kansa inapona kweli au tunapewa moyo tu?

Kansa gani? Hilo ndo swali la kwanza na watu wengi hawalijui jibu lake hata mgonjwa akiwa wadi tayari. Kansa sio ugonjwa mmoja jamani, ni mamia ya magonjwa yamepewa jina moja. Kuna ile ya taya kwa watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958, uvimbe wake unakua haraka mpaka unatisha, kesho sio kama ulivyouona jana, lakini hiyo hiyo ni moja ya zinazosikia dawa vizuri sana na watoto wanapona. Ukienda kwenye kansa ya kongosho ni habari nyingine kabisa.

Alafu kuna steji. Ya kwanza na ya pili maana yake bado iko ilipoanzia au imesogea kidogo, ya tatu imeingia kwenye tezi na sehemu za jirani, ya nne imesafiri, imefika kwenye ini au mifupa au mapafu. Titi la steji ya kwanza na titi la steji ya nne ni wagonjwa wawili wenye mipango miwili tofauti, kwahiyo ukisikia "jirani yetu alitibiwa akafa" hujasikia kitu bado. Na watu wananitajia Mwalimu Nyerere, kwamba hata yeye alipelekwa London na kansa ya damu ikamchukua Oktoba 1999. Ni kweli, lakini huo ni mwaka 1999. Dawa nyingi zinazotumika kwa kansa za damu leo zilikuwa hazijaingia sokoni.

Dada nimepapasa nikakuta kivimbe kwenye titi, nianze na nini?

Anza na kutokaa nacho. Vivimbe vingi vya titi sio kansa, hasa kwa wasichana, lakini hakuna mtu anayeweza kukuambia hivyo kwa kukigusa tu, hata awe na mikono ya dhahabu.

Utapigwa picha, ultrasaundi au mamografia, alafu kama kuna wasiwasi watachukua kinyama. Hapo kwenye kinyama ndo nataka tukae kidogo kwasababu ndo tulipopotezea muda sisi. Kinyama cha mama kilichukuliwa kikapelekwa maabara moja, siitaji, tukaambiwa wiki mbili, zikaja tatu, ya tano tukaambiwa hakionekani, tukaanza upya. Wiki saba nzima mtu ana uvimbe na hana jina la ugonjwa! Kwahiyo mimi nakushauri hivi, siku kinyama kinachukuliwa uliza kinapelekwa wapi, jina la maabara, namba ya sampuli, siku ya majibu, andika. Majibu yakitoka piga picha na simu yako. Na ujue kwamba kile kinyama chenyewe huwa wanakigandisha kwenye nta kinakuwa kama kipande kidogo cha mshumaa, kinatunzwa, ukihama hospitali au ukataka daktari mwingine akiangalie unaweza kukiomba usikatwe tena.

Kwa titi majibu ya "ni kansa" peke yake hayatoshi. Lazima kuwe na kile kipimo cha pili kwenye kinyama hicho hicho kinachosema kama inakula homoni na kama ina HER2, ile protini inayoisukuma kansa ikue. Bila hicho unatibiwa kwa kubahatisha. Kama hamjakiona kwenye faili kiulizeni.

Wanasema kisu kikigusa kansa inasambaa. Bora tuache?

Hili limeua watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na linasemwaga na watu wazima wenye heshima zao kwenye vikao vya familia. Kinachotokea ni hivi, mtu anakaa na uvimbe miaka miwili, anaenda ukiwa umeshasambaa, anapasuliwa, anafariki baada ya miezi sita, basi kosa linakuwa la kisu. Kansa ilishasafiri kabla ya kisu. Na sindano ya kuchukua kinyama pia haisambazi, madaktari wanajua wapitie wapi.

Ukweli wenyewe ni kwamba kwa kansa nyingi za uvimbe, upasuaji ukiwahi ndo wenye nafasi kubwa ya kuimaliza. Na sio lazima titi lote liondoke, uvimbe ukiwa mdogo wanaweza kutoa uvimbe tu na kipande cha pembeni yake alafu mnamalizia na mionzi.

Kwani matibabu yako ya aina ngapi? Mimi najua kemo na mionzi tu

Kuna upasuaji, hapo nimeshapita. Kuna mionzi, inachoma sehemu moja tu inayolengwa. Kuna kemo, ambayo inazunguka mwili mzima na damu ikiwinda seli zinazogawanyika haraka, ndo maana inapita na nywele na mdomo na tumbo maana na zenyewe seli zake zinagawanyika haraka. Kuna dawa za homoni, mfano tamoksifeni, kidonge kimoja kwa siku miaka mitano mpaka kumi kwa mwenye kansa ya titi inayokula homoni. Ni cha bei ya kawaida, kwasababu hiyo watu wanakidharau wanaacha mwaka wa pili. Usiache!

Alafu kuna hizi za kulenga. Seli ya kansa ina kasoro yake fulani, dawa inatengenezwa kwa ajili ya kasoro hiyo tu. Glivec iliyoruhusiwa Marekani 2001 ndo ilifungua watu macho, kuna kansa moja ya damu ya taratibu, inaitwa CML, ambayo zamani ilikuwa ni kuhesabu miaka, sasa mtu anameza vidonge nyumbani anaenda kazini kama mwenye presha. Na kuna mpango wa kuwapa wagonjwa bure kupitia shirika la Max Foundation ambao umefika mpaka kwetu huku, kwahiyo ukiambiwa una kansa hiyo ya damu uliza kabla hujauza kiwanja. Kwa titi lenye HER2 dawa yake ni Herceptin, inatolewa kila wiki tatu kwa mwaka mzima, Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2015 na siku hizi kuna za makampuni mengine zinazofanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu. Nafuu, sijasema rahisi.

Na ya mwisho ni ya kuamsha kinga, nitaielezea chini maana ndo inaulizwa na kila mwenye intaneti.

Kitu ambacho hamtaambiwa ni kwamba hizi sio za kuchagua moja kama chakula cha hotelini. Zinapangwa zifuatane. Mama alianza na kemo ili uvimbe upungue, ndo akapasuliwa, ndo mionzi, ndo vidonge. Kuna mtu mwenye kansa ya aina ile ile anaanza na kisu. Mpango ukiwa umeandikwa na madaktari wa pande zote wamekaa pamoja, hapo mko sehemu nzuri.

Kemo inakuwaje? Mama anaogopa anataka kukataa

Nae mama yangu aligoma wiki nzima. Nikwambie nilichokiona. Unapimwa damu kwanza, zikiwa chini huchomwi unarudishwa nyumbani, na hilo linauma kama umesafiri kutoka mkoani. Zikiwa sawa unawekewa dripu, kwanza ya kuzuia kutapika alafu dawa yenyewe, masaa machache mnaondoka. Kwa mama ilikuwa kila baada ya siku 21. Kuna dawa moja nyekundu kama juisi ya rozela, ukitoka hapo mkojo unakuwa mwekundu, mama alipiga kelele chooni akidhani ni damu na sisi hakuna aliyetuambia. Ni rangi ya dawa tu. Dawa hiyo hiyo inaweza kusumbua moyo, ndo maana wanapima moyo kwanza, wakisahau wakumbushe.

Siku ya pili mpaka ya tano ndo mbaya, uchovu, kichefuchefu, chakula kinanuka chuma. Nywele zinaondoka kuanzia wiki ya pili ya tatu, zinarudi. Kucha zinakuwa nyeusi. Vidole vinaweza kufa ganzi na dawa nyingine.

Lakini kitu kimoja ukishike kuliko vyote, nunua kipima joto. Mgonjwa wa kemo akifika nyuzi 38 au akaanza kutetemeka, usimpe panadol mkalala, usisubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo hata iwe saa nane usiku na useme mlangoni kwamba huyu yuko kwenye kemo. Askari wake wa damu wako chini, vijidudu ambavyo kwako ni mafua kwake ni masaa.

Mionzi inaungua? Na inapatikana wapi?

Kwa Tanzania watu wengi wanaishia hospitali ya kansa ya Ocean Road pale Dar, ufukweni, jengo la Wajerumani la tangu 1897. Zamani mashine zilikuwa za kobalti tu, mwaka 2018 zikafungwa mashine za kisasa zaidi ambazo zinafuata umbo la uvimbe na kuipa afueni nyama nzima ya jirani. Kanda ya Ziwa kuna Bugando Mwanza. Kenya kuna Kenyatta na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na za binafsi kadhaa, Rwanda walishaanza yao pia.

Ukitaka kujua mashine hizi zina thamani gani uliza Waganda. Mwaka 2016 mashine yao ya mionzi ilikufa na ilikuwa hiyo hiyo moja kwa nchi nzima, wagonjwa wengine wakapelekwa Nairobi, wengine wakabaki tu, mpaka mpya ilipozinduliwa mwanzoni mwa 2018.

Yenyewe haiumi. Unalala, mashine inazunguka, dakika chache, unaamka. Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tatu mpaka sita kutegemea na kansa, kwahiyo gharama kubwa kwa mtu wa mkoani ni kulala na kula mjini, pangeni hilo mapema kabla ya kufikiria kitu kingine. Watakuchora alama za wino mwilini, usizisugue bafuni, ndo ramani yao. Ngozi inakuwa nyeusi kama imeungua jua na inaweza kuchubuka kwapani, usipake mafuta mazito wala dawa ya jirani bila kuuliza. Na hapana, hauwi na sumu, kumbatia watoto wako. Mionzi ya mashine inaishia mashine ikizimwa.

Nimeona Marekani wamepata dawa inayomaliza kansa, mbona huku hatuna?

Umeona ya kinga. Hadithi yake ni tamu kweli. Kinga ya mwili ina breki zake ili isikushambulie mwenyewe, sasa kansa inajifunza kukanyaga breki hizo, kinga inapita pembeni kama askari aliyepewa chai. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waligundua namna ya kuachia hizo breki wakapewa Nobel 2018. Dawa zilizotokana na hapo, mfano Keytruda, zimewainua watu wa kansa ya ngozi na ya mapafu waliokuwa wameshaagwa.

Lakini haifanyi kazi kwa kila mtu, kuna vipimo vya kinyama vya kuangalia kama kansa yako itaisikia, na kinga ikiachiwa breki inaweza kugeukia matumbo au tezi ya shingo. Na bei, dozi moja unaweza kununua bodaboda ukabakiwa na chenji. Kuna nyingine wanakutoa seli za kinga wanazifundisha maabara wanakurudishia, Marekani iliruhusiwa 2017, hiyo ni dola laki kadhaa kwa mgonjwa mmoja. Mtu akikuuzia "dawa ya kinga ya Marekani" kwenye kichupa kwa elfu themanini hapa mjini, ameuza maji.

Tumpeleke India?

Wengi wanaenda na wengine wanafanya vizuri. Ila nimeona familia inauza nyumba kwenda kupata kemo zile zile tatu ambazo zipo Dar, na hela inaisha katikati ya matibabu, hiyo ndo hatari yenyewe. Tuma kwanza majibu ya kinyama na picha kwa barua pepe, hospitali kubwa za kule zinajibu zikikuandikia mpango na makadirio. Kama mpango ni ule ule wa huku, baki. Kama kuna upasuaji au kipimo ambacho huku hakipo, hapo sawa, na muulize daktari wa huku kama dozi zinazofuata zinaweza kumalizikia nyumbani.

Majani ya mstafeli je? Mjomba kaletewa unga wa Tanga

Nilijua itakuja. Mstafeli umepimwa kwenye seli ndani ya vyupa maabara, kwenye chupa hata siki inaua seli. Kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba unaponya kansa. Mimi sidharau miti, dawa ya kemo inaitwa vinkristini imetoka kwenye lile ua la pinki lenye asili ya Madagaska linaloota uani kwenu, lakini mtu alikaa akaitoa, akapima kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaua, sio kuchemsha ndoo nzima.

Mnakumbuka Samunge, Loliondo, 2011? Kikombe cha dawa ya kuchemsha kwa Babu, yule mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, mabasi yanatoka mpaka Kenya. Shangazi yangu alienda. Kuna watu waliacha dawa zao wakaamini kikombe. Yule mzee mwenyewe sina neno baya juu yake, mia tano sio hela ya tapeli. Ila hakuna aliyerudi na majibu ya kinyama yaliyobadilika.

Kama mgonjwa anataka kunywa kitu, mwambie daktari, usifiche. Baadhi ya mitishamba inagombana na kemo kwenye ini. Na ile habari ya sukari inalisha kansa, msimnyime mtu wa kemo chai yenye sukari, amekonda, kitu pekee kinachopita kooni ni hicho mnamnyang'anya!

Baba kaambiwa tezi dume, ndo kansa?

Sio lazima. Tezi dume kila mwanaume anayo, ikikua na umri inabana mkojo, hiyo sio kansa. Kipimo cha damu cha PSA kinapanda kwa kansa, kwa kuvimba na hata kwa maambukizi, kwahiyo namba peke yake haihukumu, turudi kwenye kinyama. Ikiwa kansa na haijatoka nje ya tezi kuna upasuaji au mionzi, na nyingine zinakwenda taratibu mpaka kwa mzee wa miaka 80 wanaamua kuangalia tu. Ikiwa imefika mifupani inazimwa kwa kukata homoni ya kiume, kwa sindano za kila miezi mitatu au kwa kutoa korodani mara moja. Hilo la pili baba zetu hawataki hata kulisikia, na ni haki yao, ila ndo la bei ndogo na linafanya kazi ile ile. Aelezewe na daktari, wawili tu, msimwambie mbele ya wakwe.

Na mlango wa kizazi?

Hii inaniuma kwasababu ndo inayoongoza kwa wanawake Tanzania na ndo inayozuilika kuliko zote. Inaletwa na kirusi kinaitwa HPV, Harald zur Hausen alipewa Nobel 2008 kwa kuligundua hilo. Kabla haijawa kansa inakaa miaka kama doa tu, nesi anapaka siki, doa linageuka jeupe, linagandishwa au kuchomwa siku hiyo hiyo unaenda nyumbani. Dakika kumi! Kina dada wenye virusi vya ukimwi mpime mara nyingi zaidi, kwenu inakimbia. Ikishakuwa kansa ni mionzi ya nje wiki kama tano na kemo kidogo kila wiki, alafu mionzi ya ndani. Mabinti wapate chanjo ya kirusi hicho, Tanzania imeanza 2018 na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14, Kenya wameanza 2019. Haizuii kuzaa, hayo ni maneno ya vijiweni.

Mtoto jicho linang'aa jeupe kwenye picha za simu

Funga huu ukurasa nenda kwa daktari wa macho kesho asubuhi. Inaweza kuwa kansa ya jicho la mtoto, ikiwahiwa maisha yanaokolewa na mara nyingine jicho pia. Watoto wenye kansa pale Muhimbili wanasaidiwa na Tumaini la Maisha, matibabu bure, na kuna sehemu ya kulala mzazi na mtoto.

Sikoseli na figo huko matibabu mapya yapo?

Kwa kifupi maana sio eneo langu. Sikoseli, dawa ya kila siku ni haidroksiurea, inapunguza maumivu na kulazwa, ulizeni kliniki. Kupandikiza uloto, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto kunafanyika hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, ila anahitajika ndugu ambaye vipimo vyake vinalingana na vya mtoto. Ile ya kurekebisha jeni iliruhusiwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, tuiache hapo kwanza. Figo zinapandikizwa Muhimbili tangu 2017, na mchangiaji ni ndugu aliye hai.

Wametuambia hakuna cha kufanya, turudi nyumbani

Sentensi hiyo huwa haijakamilika. Hakuna cha kuiondoa kansa, sawa, lakini maumivu yanaondolewa. Ombeni mofini ya maji. Ni unga unachanganywa na maji, Waganda walianza nayo tangu Hospice Africa ya daktari Anne Merriman mwaka 1993, wanatia rangi kutofautisha nguvu yake. Inanywewa kila masaa manne, kwa saa, sio kusubiri mtu alie. Haimfanyi mzee teja. Itamfungia choo, kwahiyo ombeni na dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo. Mionzi ya siku moja inaweza kutuliza mfupa unaouma, na mwenye kansa ya koo asiyemeza hata mate anaweza kuwekewa kibomba akanywa uji tena.

Naenda kumuona mgonjwa wa kemo, nibebe nini?

Kama una mafua usiende. Usimwambie amekonda, anajua, kioo anacho. Usimpe stori ya mtu aliyekufa na ugonjwa huo huo, mtashangaa ni wangapi wanafanya hivyo wakiwa wamekalia kitanda chake. Hela ya bajaji kuliko matunda. Matunda yakija yawe ya kumenya, mama alitamani embe bichi na chumvi mpaka akalia, tukawa tunaliosha na kulimenya wenyewe. Na kuna jirani yetu mmoja alikuwa anakuja kila Jumanne, anafua, anaosha vyombo, anateka maji, anaaga mlangoni bila kuuliza majibu yamesemaje.